Kiingereza cha Mnara wa Mjomba

Jumatano. Kusi limevuma tangu alfajiri, mchanga umeingia hadi kwenye chai. Nina hasira, na hasira zenyewe ni za kujikasirikia, kwa hiyo sina pa kuzipeleka ila hapa.

Kwa asiyenijua: nilifundisha Kiingereza miaka sita kule Lunga Lunga, kisha nikaiacha chaki nikaja Diani kuwa karani wa nyumba za kupangisha wageni. Mwenye nyumba anaishi Ulaya. Meneja anafoka, mimi naandika. Kila mwezi natunga ripoti ya hali ya majengo kwa Kiingereza safi, naye anatia sahihi kana kwamba kaiandika yeye.

Leo tulifika kwenye mnara wa tangi la maji. Ni mnara wa mawe ulioko uani, karibu na chumba anacholala Bi Mwanatumu, dobi wetu, pamoja na mjukuu wake. Umekwenda upande. Kila mtu anajua, na wakati wa chai tunauchekea.

Niliandika "leaning". Meneja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Madam, zii. Weka 'slightly slanting'. Mzee akisoma hiyo yako ataingiwa na baridi, afunge hii place, na wewe na mimi turudi ushago."

Nikabadilisha. Nikaituma.

Nimebadilisha mimi, niliyekuwa nikiwakata watoto alama kwa makosa madogo kuliko hilo. Naijua tofauti. "Slant" ni ya mstari: mwandiko uliolala, mwanga wa jua unaoingia dirishani kwa hanamu. Haikuambii kama kitu kina uzito. "Slope" ni ya ardhi na paa. "Tilt" niliwafundisha kwa sufuria ya uji, unapoiinamisha kumimina. Lakini "lean" ina mwili ndani yake. Mtu aliyechoka huegemea, ngazi huegemea ukuta. Kitu kimetoka kwenye wima wake na kinatafuta wa kukipokea. Mnara wetu unaegemea, na hakuna ukuta wa kuupokea. Kuna chumba cha watu.

Meneja simlaumu sana. Yeye alinipa neno, na mimi nililipokea haraka mno.

Nililipokea kwa sababu mnara ule aliujenga mjomba wangu.

Ofisini hakuna ajuaye. Mwenye nyumba wa sasa alinunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na jina la fundi lilipotea njiani. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa msichana wa shule, nimempelekea mahamri. Ilikuwa kusi kama leo, na timazi, kile kipande cha risasi cha kupimia wima wa ukuta, ilikuwa inayumba kwenye uzi wake, haitulii hata kidogo. Mwenzake, sasa ni marehemu, alimwambia achote ndoo ya maji aitumbukize timazi humo ili itulie, kama mafundi wanavyofanya siku za upepo. Kisima kilikuwa mbali. Mjomba akacheka, akasema jicho lake lamtosha.

Kwetu Wadigo baba anaweza kuwa mbali, mjomba hawi mbali. Baba alipoondoka, huyu ndiye aliyenisomesha, na posa yangu ilipokuja ndiye aliyeketi kuipokea. Mpaka leo akipita Diani huwaonyesha watu mnara wake.

Miaka yote nimejiambia ulizaliwa hivyo, umekwenda upande na utabaki hivyo hivyo. Leo mchana nilitoka uani nikamkuta Bi Mwanatumu anakaza kamba ya kuanikia. Ncha moja ya kamba imefungwa kwenye ndoana ya mnara, ncha nyingine kwenye ukuta wa chumba chake. Mashuka ya wageni yalikuwa yanaburuzika chini.

"Kamba hizi za siku hizi, mwanangu," alisema. "Tangu Ramadhani naikaza, hii ni mara ya tatu. Yalegea yenyewe."

Kamba ni nzima. Niliivuta, niliikagua. Nikautazama mnara, nikautazama ukuta wa chumba: nafasi kati yao imepungua. Mnara unatembea.

Nilirudi ofisini nikampigia mjomba. Shikamoo, marahaba, habari za watoto, habari za mvua za Msambweni. Akaniuliza, "Na mnara wangu wasemaje?" Nikamwambia wakusalimia. Akacheka sana. Nilikata simu bila kumwuliza neno nililompigia.

Basi nikamwandikia mwenye nyumba mwenyewe, bila meneja. Nilisema ripoti ya asubuhi haikuwa kweli, mnara unaegemea, unazidi kuegemea, na chini yake wanalala watu. Nilitumia neno lenye uzito wake. Jibu lilikuja kabla ya alasiri. Tangi limwagwe maji leo hii, asilale mtu pale. Halafu swali moja: nani alijenga, na kwa vipimo gani?

Nimelisoma swali hilo labda mara ishirini. Nikijibu, nimemvua nguo mzee aliyenivisha. Nikinyamaza, niko pale pale nilipokuwa asubuhi. Meneja hasemi nami. Nafikiri hata kazi yangu imekwisha, ila hilo ndilo linaloniuma kidogo kuliko yote.

Bi Mwanatumu na mjukuu wake wamehamia kwangu. Magodoro yao yako sebuleni. Amekataa kukaa kama mgeni, ameingia jikoni akamenya muhogo, na amenishukuru mpaka nikaona haya. Kisha akanyanyua mikono yenye utomvu wa muhogo.

"Fundi aliyejenga kile kitu, Mwenyezi Mungu amuulize yeye. Akanywe maji yenye uchungu kama aliyotaka kutunywesha."

Nami nikaitikia, "Amin."

Ulimi ulizoea. Mtu akiomba dua, unaitikia. Nimemwapiza mjomba wangu jikoni kwangu, huku nikikuna nazi.

Kesho asubuhi nakwenda Msambweni. Nitamwamkia, nitakaa chini, nitamweleza habari ya kamba. Jina lake atalitaja yeye kwa mwenye nyumba, au nitalitaja mimi mbele ya macho yake.