Kwaresima ya Winifred

Ellery Falls, Vermont
Jumamosi ya wiki ya Pasaka

Kwako mdogo wangu Adelaide,

Pokea salamu za Pasaka, wewe na Orrin. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti lake limeanza kumtii baada ya upasuaji. Mimi afya ninayo: nakula, nalala, napanda ngazi za maktaba bila kuhema. Barua zako mbili nimezipata, na ile kadi ya maua pia. Najua umeshangaa kwa nini sikukupigia simu Jumapili kama desturi yetu. Sababu ninayo, na nimeona niiandike, maana kwa simu ningepayuka halafu nikajuta.

Huku theluji inayeyuka na barabara ni tope tupu. Gari la posta limekwama mara mbili mbele ya nyumba yangu. Shira ya mepo, ile ya utomvu wa miti, mwaka huu imekuwa nyingi. Akina Boudreau wamechemsha mwezi mzima, na kijiji chote kinanukia moshi na sukari.

Kwaresima ilianza vizuri. Jumanne ya kuamkia Majivu tulikaanga chapati za maji karibu mia tatu kwenye ukumbi wa kanisa, na wanaume wakaunguza robo yake kama kawaida yao. Winifred Tuttle alikaa mlangoni kuuza tiketi badala ya kusimama jikoni na mimi. Nikamwambia siku hizi amekuwa malkia. Akajibu kwamba malkia hukaa na wapishi husimama, kwa hiyo nirudi kwenye kikaango changu.

Unajua tulivyo. Miaka ishirini na miwili mimi na Winifred tumepika supu ya kila Jumatano ya Kwaresima hapo Mtakatifu Barnaba, na wewe mwenyewe uliwahi kusema kwamba supu yetu haikolei mpaka tugombane. Mwaka huu nilikuwa na mengi ya kugombea. Alichelewa. Alileta kigoda akaketi kumenya karoti, tena karoti tatu kwa nusu saa. Nikamwuliza, "Wewe mwanamke, umekuja kupika au kuhesabu mbao za dari?" Akasema, "Nahesabu kelele zako. Zimeshapita mia." Supu yenyewe hakuionja. Alisema mwaka huu mfungo wake ni mkali: hali nyama, hali mkate, hali chochote chenye siagi. Nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia akizidi kukonda tutamfunga kamba kwenye mnara wa kengele asipeperuke.

Watu hawakucheka. Niliona macho yao yakiinamia bakuli, nikadhani labda supu imezidi chumvi.

Wiki ya tatu, baada ya Njia ya Msalaba, Kasisi Rosalind aliniita pembeni. Unamkumbuka, yule mama mrefu aliyekuja kwetu baada ya mzee Alcott kustaafu. Akaniambia kwa upole kwamba kuna mfungo wa chakula na kuna mfungo wa ulimi, na huenda huu wa pili ungenifaa, hasa kwa Winifred. Adelaide, damu ilinipanda. Nilijua moja kwa moja kwamba Winifred amekwenda kunishtaki. Jumatano iliyofuata nilimpikia supu ya njegere, ambayo haipendi, na sikumsemesha neno mpaka tunaosha sufuria.

Sasa nakuja kwenye Alhamisi. Kila Alhamisi saa sita mchana kuna ibada ya kuombea wagonjwa, lakini mimi sijawahi kwenda kwa sababu siku hiyo ni zamu yangu ya kazi maktaba. Wiki ya nne bomba lilipasuka pale maktaba, wakatufungia saa tano. Nikaona badala ya kurudi nyumbani nipite kanisani kuzikunja zile shuka za zambarau za madhabahu. Niliingia kwa mlango wa nyuma, wa sakristia.

Winifred alikuwa amepiga magoti kwenye reli ya madhabahu bila kofia. Watu kama kumi na mmoja walikuwa wamemzunguka, wamemwekea mikono kichwani na mabegani. Ezra Pomeroy, mzee wa kanisa, alikuwepo. Wale mapacha wa kwaya walikuwepo. Mama Boudreau, ambaye hata si wa kanisa letu, alikuwepo, na alikuwa analia. Walikuwa wanasema sala kwa pamoja bila kitabu, kama watu walioisema mara nyingi. Nilisimama pale na shuka mkononi mpaka mmoja wao aliponiona, akaondoa mkono wake haraka kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Winifred alinikuta jikoni. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu Novemba. Ni kansa ya kongosho, na madaktari wamesema hakuna cha kukata. Nikamwuliza ilikuwaje kijiji kizima kiambiwe nibaki mimi, mimi niliyemshika mkono siku tulipomzika mumewe Harlan.

Akaketi kwenye kile kigoda chake. "Kwa sababu kila niliyemwambia ananisemesha kama mtoto mchanga," akasema. "Wananishika kiwiko kushuka ngazi moja. Wewe unaniita mvivu. Nilitaka abaki mtu mmoja wa kuniita mvivu."

Nikamwambia, "Kwa hiyo umenifanya mjinga ili wewe ufurahi."

"Ndiyo," akasema. "Na nimefurahi sana, Hester."

Nikamtaka anitajie wote wanaojua. Akawataja mmoja mmoja, bila kuficha. Jina la mwisho lilikuwa lako.

Alisema alikuuliza Krismasi kuhusu dawa za maumivu, kwa vile umekuwa muuguzi miaka yote ile, na akakuapisha usiniambie. Mdogo wangu, ulikaa kwangu siku nne. Ulikula bata mzinga wangu. Ulinisikia mezani nikisema kwamba nguo za Winifred zinamning'inia kama za kuazima, na ukaendelea kukata nyama yako kimya. Nimeirudia picha hiyo mara nyingi kuliko nilivyoisikiliza Injili Kwaresima hii. Najua kiapo ni kiapo. Lakini mimi ndiye niliyekulea mama alipougua, na nilidhani baina yetu hakuna mtu wa tatu.

Basi nikawaacha. Jumatano mbili zilizobaki sikupika. Jumapili ya Matawi niliketi kiti cha nyuma kabisa, na watu waliponijia kunipa mkono wa amani niliwapa vidole tu.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu, ingawa wengi walilishuhudia. Alhamisi Kuu nilikwenda kwenye ibada ya kutawadhana miguu. Unajua desturi yetu: aliyeoshwa anamwosha anayefuata. Nilikuwa nimeshavua soksi nilipotambua kwamba aliyeko mbele yangu katika mstari ni Winifred. Alioshwa, kisha akaanza kupiga magoti mbele ya kiti changu. Ilimchukua muda mrefu. Alishika kiti kwa mkono huu, kisha akashika sakafu kwa mkono ule, na kanisa lote likasubiri. Alipofika chini alinyoosha mkono akanitazama, na ninakuapia alikuwa anatabasamu, kama mtu anayengojea nimseme kwa uzembe wake.

Nilivuta mguu wangu. Nilivaa soksi juu ya mguu mkavu, nikavaa kiatu, nikafunga kamba polepole, naye amepiga magoti pale pale. Kisha nikatoka. Nyuma yangu nilisikia Ezra na Kasisi Rosalind wakimnyanyua. Kesho yake watu waliponiuliza, nilisema misuli ya mguu ilikuwa imekakamaa. Mguu haukuwa na lolote. Nilitaka aone uchungu ninaouona mimi, na nilimchagulia mahali ambapo asingeweza hata kuinuka mwenyewe. Hilo ndilo nililolifanya.

Jumapili ya Pasaka hakuja kanisani. Kasisi alitangaza kwamba amelazwa nyumbani, sebuleni, na wauguzi wanakuja kila siku. Ndiyo maana sikukupigia. Nilikaa na simu mapajani nikashindwa.

Jumatatu nilikwenda. Ndani ya gari nilijizoeza maneno. Ningemwambia mapazia yake machafu, na kwamba amechagua wakati mbaya wa kulala kitandani, bustani haijapaliliwa. Nilikuwa tayari kabisa. Kisha nikaingia, nikaiona shingo yake juu ya mto, na sauti iliyonitoka sikuijua. Nikasema, "Pole, mpenzi wangu. Unajisikiaje leo?"

Alinitazama. Hakukasirika, wala hakulia. Akasema, "Basi hata wewe, Hester," akageukia ukutani.

Tangu hapo naenda kila asubuhi saa nne. Nimejaribu kumtania, maneno yanatoka yamelainika, naye anajua. Namsomea gazeti, nampa maji kwa kijiko. Kila nikimaliza ananiambia asante, kwa adabu, kama anavyomwambia muuguzi. Miaka arobaini, Adelaide, Winifred hajawahi kuniambia asante.

Wewe sijakusamehe bado, na sitaki kukudanganya kwa barua. Lakini daktari anasema ni wiki mbili, labda tatu, na wewe unajua kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza kuliko hawa wote. Kwa hiyo njoo. Kitanda chako nimekitandika. Tutagombana ukishafika.

Msalimie sana Orrin, mwambie asipande ngazi kabla ya ruhusa ya daktari. Paka anakusalimu.

Ni mimi dada yako,
Hester