Kichocheo Si Uchochezi

Mwanangu Mwanaisha,

Marahaba kwa shikamoo yako. Nakuombea afya huko Kibiti, wewe na wajukuu zangu. Mimi huku Sumbawanga baridi imenikalia kifuani. Leo, zaidi ya ugonjwa, nakuandikia kwa hasira.

Unasema mkuu wako wa shule amekukataza kuwaonyesha wanafunzi jaribio la kichocheo, kile kinachoharakisha badiliko la kemikali. "Waandikie ubaoni wakariri, mtihani hauulizi povu." Wakariri! Manganizi, chuma, shaba, metali zote hizi zinafanya kazi duniani, na watoto wetu wazijue kwa majina tu, kama marehemu!

Sasa nikwambie nililokuficha, sitaki kufa nalo. Nilikwambia nimeletwa huku kwa kupandishwa cheo. Uongo. Niliondolewa huko Kibiti. Ulikuwa mwaka ule vyama vingi vya siasa viliporuhusiwa. Darasani nilimimina haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, kwenye chupa, nikatia unga mweusi wa manganizi. Povu likapanda, kijiti chenye kaa nilichokiingiza kikawaka upya kwa oksijeni iliyotoka.

"Mwalimu, huo uganga!" wakapiga kelele.

Nikawajibu kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kinawapita: "Si uganga, ni kichocheo. Kidogo tu, na yaliyolala yanaamka."

Kiongozi mmoja wa chama alikuwa akipita dirishani.

"Mzee, unawafundisha watoto uchochezi?"

"Kichocheo, ndugu. Cha kemia."

"Usinizungushe! Yaliyolala yanaamka, nimesikia kwa masikio yangu!"

Basi, neno la kemia likanihamisha kama mhalifu, na hakuna mwalimu mwenzangu aliyefungua mdomo.

Wewe usikubali. Mwite mkuu wako aje aone. Tumia dawa ile hafifu ya duka la dawa, kidogo tu. Vaa miwani ya kinga, fungua madirisha, wanafunzi wakae mbali, na chupa usiizibe kamwe, hewa itaipasua. Povu likitulia, chuja ule unga, uanike, uutumie tena mbele yao. Waone kwamba umefanya kazi yote na haukuisha.

Nisalimie shangazi yako wa Mtawanya, na yule Bwana wa duka la Ikwiriri aliyekuwa akituuzia dawa. Walikuwa wakiniuliza kwa nini niliondoka ghafla. Sasa waambie.

Ni mimi baba yako,
Mchochezi