Kahawa ya Rubani

Kisugu, Kampala
4 Machi 1973

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni mzima.

Nimefurahi unakuja Pasaka. Panda ndege yetu pale Kasese, nitakuhudumia mwenyewe. Ila hiyo kahawa unayotaka kumletea rubani, nipe mimi nimpelekee. Zamani tuliwaingiza abiria chumbani kwake wakamsalimu, hata watoto. Siku hizi ndege zinatekwa huko nchi za watu, kwa hiyo tukiwa angani mlango unafungwa, haingii mtu. Juzi nimemkatalia mwanajeshi mkubwa, tena ana bastola. Alicheka tu.

Mwanao,
Katembo


Butembo
22 Machi

Mwanangu Katembo,

Wote hapa tunakusalimu. Magoti ni yale yale.

Barua yako imeniuma. Miaka minne huyo rubani anakuangalia ugenini, halafu nipande ndege yake nishuke bila kumpa mkono? Atasema huna kwenu. Kahawa ya shukrani mzazi anaitoa kwa mkono wake. Mimi siteki ndege. Nitagonga mwenyewe.

Mama yako


Kisugu
3 Mei

Mama,

Natumaini ulifika salama. Mimi sijambo, ila usingizi sina.

Nilikufungulia kwa kuwa nilikuonea huruma, umesimama pale na kifurushi chako, na rubani alifurahi kweli. Lakini nilikuomba ukirudi kitini unyamaze. Wewe ukamwambia jirani yako, "Mwanangu kanifungulia mlango!" Ukampa na ndizi. Ndiye yule mwanajeshi. Wakati wa kushuka aliniambia, "Kumbe unafunguka." Jana alikuja huku Kisugu kuuliza nyumba yangu.

Nimekukasirikia, mama, na nimejikasirikia zaidi. Rubani ameahidi kunipeleka Nairobi kesho. Nikifika nitaandika.

Katembo


Butembo
25 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Umeandika Katembo tu, bila "mwanao". Nimeona. Kosa ni la mdomo wangu. Nitukane, lakini andika.

Mama yako


Butembo
30 Juni

Mwanangu Katembo,

Sijui nikuulizie hali ya wapi. Watu wetu wa Nairobi wanasema hukufika.

Leo dereva wa lori kutoka Kampala ameniletea kifurushi cha rubani. Ni kahawa yangu, na kamba ni ile ile niliyoifunga mimi. Hakuandika hata neno moja.

Nimekataa kuipokea. Nimemwambia dereva amrudishie, pamoja na barua hii yako. Nilimpa kahawa ile ili akuangalie, na bado hajamaliza kazi.

Mama yako