Majani Uliyoniomba

Nyumba za Watumishi, Chumba Na. 4,
Nyuma ya Maabara.
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo wa Mungu. Hujambo? Wifi yangu anaamkaje siku hizi, na ule uvimbe wa titi umefikia wapi? Mimi miguu inauma kwa kusimama, ila nashukuru.

Majani uliyoomba nimtumie wifi sitayatuma, na usiyatafute kwingine. Soma hadi mwisho kabla hujaninunia.

Unajua kazi yangu, kuosha chupa na visahani vya vioo vya wataalamu wanaosaka dawa ya saratani kwenye mimea yetu ya msituni. Mwezi wa pili nilimsikia yule fundi wa maabara tunayemwita Miwani akipiga kelele, "Zimekufa zote!" Maji ya majani yale yale aliyotuchemshia mama tukiwa na homa yalikuwa yameua seli za saratani kwenye kisahani cha majaribio. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye sinki. Jioni nikambebea Dada Mkubwa fungu zima kwa saratani yake.

Dada akaacha sindano za hospitali. "Zile zimeniacha kama kuku aliyenyonyolewa," akasema. "Haya yametoka kwa Mungu, yakapitia kwako." Sikumkataza. Nilijiona mtu mkubwa, mdogo wangu, acha niungame.

Miezi mitano amekunywa. Wiki iliyopita nikajipa moyo, nikamuuliza Miwani mgonjwa anywe vikombe vingapi kwa siku. Alicheka mpaka machozi. "Mama, kwenye kisahani hata sabuni yako ingeziua! Utamnywesha mtu sabuni?" Halafu akaniangalia usoni, kicheko kikakatika. "Nani amekunywa?"

Nikamwambia hakuna.

Daktari anasema saratani ya Dada imeshaingia kwenye mifupa. Tungeendelea na sindano, pengine. Dada hajui. Kila asubuhi ananiombea kwa sauti, kwa jina langu lote, akishukuru kwamba nimemwokoa.

Kwa hiyo mpeleke wifi hospitali kesho, hata akilia, hata akikutukana. Sindano na zimnyonyoe nywele zote.

Msalimie shangazi, na Kidoti wenu umbusu shavu lile lenye doa.

Nilitaka kuifunga hapa, lakini Dada ameita kutoka kitandani: "We mtoto, umemwekea mwenzangu majani ya kutosha?"

"Nimejaza bahasha, Dada."

"Basi na mimi niletee kikombe changu."

Maji yanachemka. Mungu akuachie mkeo.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Muosha vioo