Breki Zinavuta Kushoto, Shemeji Anataka Nishuke

Mpendwa mshauri Mama Rukaya, shikamoo. Naomba msaada, lakini nitangulie kusema kwamba ruhusa siombi, maana waliojipa kazi ya kunipa ruhusa wapo wengi hapa kijijini na wote nimewagomea. Mimi ni mke wa Filipo, nina miaka arobaini na moja, nimeendesha trekta miaka kumi na minne kwenye shamba la umma huku Kongwa, na shamba lilipofungwa mwaka juzi tukapunguzwa kazi, wakakosa fedha za kiinua mgongo, wakatuambia kila mtu achague kifaa, wanaume wakakimbilia mabati na pampu za maji, mimi nikachukua trekta langu lile lile, kuukuu la mwaka sitini na nane, kwa hiyo mtu asije kuniambia ni mali ya ukoo, ukoo haujawahi kushika usukani hata siku moja.

Taabu yangu ni breki. Nikizikanyaga trekta linavuta kushoto kama ng'ombe aliyenusa maji. Lina pedali mbili za breki, shambani unakanyaga moja ili ukate kona, barabarani unazifunga pamoja kwa kipini cha chuma, na kipini changu kilipotea wakati wa kulima, basi nimezifunga kwa mpira wa tyubu. Fundi wetu alifungua gurudumu la kulia akakuta breki shuu, zile bati zinazobana gurudumu, zimelowa oili, akaziosha kwa petroli, akazikausha juu ya jiko, zikashika vizuri siku tatu, ya nne zikarudia yale yale, na ameshaziosha mara tatu.

Jumamosi moja nilikuwa nawapeleka watu mnadani, tela limejaa akina mama na mbuzi wao, na kwenye mteremko wa korongoni niliweka fri, gia nje kabisa, ili nisichome dizeli, kama tunavyofanya wote, nikakanyaga breki, trekta likageuka kushoto, tela likalisukuma, tukaingia mzima mzima kwenye uwanja wa Mzee Yotham ambako watu walikuwa wanapura uwele, wakaruka huku na huku, Mungu mkubwa hakufa mtu, ila jirani yangu Aneth mwenye mimba ya miezi saba alishuka kwenye tela akakaa chini ameshika tumbo mpaka jua linazama. Nilipoulizwa nikasema ndama wa Matonya alikatiza barabara nikamkwepa. Matonya ni mchungaji, mtu mpole, na ndama wake kweli walikuwa karibu, lakini hakuna aliyekatiza. Wazee walipokaa wakamtoza mbuzi kwa uzembe, akamtoa bila kubisha, mbuzi akachinjwa, na mimi nikaletewa paja la kunipa pole, nikalipika, tukala. Lakini hilo silo ninalouliza.

Ninalouliza ni la shemeji yangu Batholomeo, kaka yake Filipo. Alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji, chuma kile si sufuria. Shuka, nipande mimi." Nikamjibu, "Karibu upande, shemeji, ila hata kuliwasha hujui." Watu walicheka, yeye akaapa kwamba baraza la mwisho wa mwezi litanishusha, na mume wangu badala ya kunitetea ananiambia, "Mama Debora, mwachie tu kaka, tupumzike na maneno." Sishuki! Nikishuka leo sipandi tena, na binti yangu Debora niliyeanza kumfundisha hatapanda kamwe. Nipe maneno ya kumnyamazisha huyu mtu.

Ni mimi Evarista, Kongwa.

*

Marahaba, Evarista. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikupigia makofi peke yangu hapa mezani. Mara ya pili niliona aibu kwa makofi yangu.

Unasema la Matonya silo unalouliza. Mimi ndilo ninaloanza nalo. Mtu asiye na wa kumsemea amelipa mbuzi kwa kosa lako, nawe ukakaa jikoni ukapika paja la mbuzi wake. Unalia kwamba unaonewa kwa kuwa mwanamke, ni kweli unaonewa, na ulipopata nafasi ukamtafuta aliye chini yako ukamwonea. Mbuzi arudi, tena jike mwenye afya, si kibeberu kikongwe kinachokohoa nyuma ya nyumba.

Sasa breki. Nimemfuata Halfani, fundi aliyezeekea kwenye matrekta na sasa ana gereji yake mtaa wa Kikuyu, hapa mjini. Hakungoja nimalize. Anasema fundi wako anapiga deki huku bomba linavuja. Oili ile inatoka ndani ya ekseli kwa sababu sili ya gurudumu la kulia, ule mpira wa kuizuia oili, imekwisha, na breki shuu zikishakunywa oili hazisafishiki, uzioshe kwa petroli au kwa maji ya baraka. Upande wa kulia unateleza, wa kushoto unashika, ndiyo maana linavuta kushoto. Weka vizuizi magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, lakini ekseli ikae juu ya magogo, usiingize mkono chini ya kitu kilichobebwa na jeki peke yake. Badilisha sili kwanza, ndipo ufunge breki shuu mpya, pande zote mbili, usifunge upande mmoja kwa kubana matumizi. Kisha zirekebishwe zishike sawasawa, na ulijaribu tambarare, bila tela. Zamani spea ilingojewa kwa kibali mpaka mahindi yakauke. Siku hizi ni ruksa, maduka yamejaa, ila na bandia zimejaa pia, kwa hiyo beba sili ya zamani mkononi ulinganishe, na usimwamini muuzaji anayekuita dada kabla hujamsalimia.

Huo mpira wa tyubu ukate leo. Mpira unavutika, na kwenye mteremko pedali moja itatangulia nyingine. Chonga kipini cha chuma. Na hiyo fri yenu ya kuokoa dizeli, miaka kumi na minne ya udereva ilikufundisha nini? Gia nzito inaingizwa juu ya mteremko, kabla hujaanza kushuka. Tela lako halina breki hata moja, halafu unalijaza wajawazito! Tela ni la magunia. Watu waende mnadani kwa miguu wanung'unike, ni heri manung'uniko kuliko matanga. Mpaka yote haya yaishe, trekta lisitoke uani.

Tubaki na Batholomeo. Nimecheka ulivyomjibu, sitakuficha. Breki hazijui kama mguu unaozikanyaga umevaa khanga au suruali, naye akilipanda lilivyo sasa ataishia korongoni vilevile, tena mapema. Trekta ni jasho lako na usimwachie, wala usimwachie mumeo akuuze kwa bei ya usingizi mtamu. Ila shemeji yako, kwa ubaya wake wote, ameshika kamba moja ya kweli, kwamba uliwahatarisha watu. Kamba hiyo unaweza kumnyang'anya, kwa kuisema kabla yake.

Umeniomba maneno. Siku ya baraza simama wa kwanza, kabla ya yeye kukohoa, useme hivi: "Breki zilikuwa mbovu, nilijua, nikaendesha. Ndama hakukatiza, nilimsingizia Matonya, na mbuzi wake huyu hapa. Breki nimezitengeneza, njooni mzikague. Trekta ni langu na nitaliendesha." Sema kwa sauti ile ile uliyoitumia kumwandikia Mama Rukaya.

Na ukiona mdomo wako hauwezi kuyatamka hayo, basi mpe Batholomeo ufunguo, maana hapo atakuwa amesema kweli kwamba hufai kushika usukani.