Vichupa vya Mama

Bumula, 9 Januari 2024

Ndugu yangu Wangila,

Mulembe. Habari ya Kitale na baridi yake? Miguu inazunguka vizuri? Sisi tuko. Mama anakusalimia, anauliza kama huko kwa kambi ya baiskeli wanakupikia ugali ya kutosha.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nyumba yetu hata ukinong'ona kwa simu Mama anasikia. Jana tulikuwa Bungoma kwa mashine ya figo. Daktari ameshangaa: damu ya Mama imeshuka hadi sita, na mimi namdunga ile dawa ya kuongeza damu mara tatu kwa wiki bila kukosa. Niliporudi nikaangalia vichupa kwa friji. Vitatu, vile ninavyotumia tangu Krismasi, vifuniko vyake vimebandikwa na gundi. Ukiwa hapa Krismasi, kuna mtu ulimwona akivigusa?

Dada yako,
Nasike

Kitale, 21 Januari

Dada Nasike,

Mulembe sana. Niko mzima, na pole kwa Mama. Jana tumepanda mlima wa Saboti mara mbili. Kocha Kiplimo anasema nikiendelea hivi nitaenda mbio za nje na timu.

Lakini barua yako imenikata. Ati "kuna mtu ulimwona"? Si useme tu unanishuku! Mimi hata sijui hiyo friji mnaweka nini. Muulize Phanice. Si yeye ndiye anashinda na Mama ukiwa dispensari? Nilimwona siku moja akifunga friji haraka haraka. Watu wanauza dawa, dada.

Mdogo wako,
Wangila

Bumula, 14 Aprili

Wangila,

Mulembe. Mama alilazwa siku nne, akaongezewa damu. Sasa anakaa, anakula. Hongera kwa ushindi. Tulikuona kwa TV umeinua mikono, Mama akalia.

Phanice nilimfukuza Februari, kwa neno lako. Aliapa kwa jina la mtoto wake, sikumsikiliza. Sasa nisikilize wewe. Kabla uje Pasaka nilichora mstari wa kalamu kwa kila kichupa, kutoka kifuniko hadi kwa kioo. Uliondoka Jumatatu. Jumanne mistari minne ilikuwa haikutani. Phanice hakuwa hapa. Mtu wa maabara amenipimia: ni maji. Nimekuwa nikimdunga Mama maji, kwa mkono wangu huu.

Nijibu.

Mtoto wa mama yako,
Nasike

Kitale, 18 Juni

Dada yangu mpendwa,

Mulembe, na mulembe tena. Najua nimekaa miezi miwili kimya. Mama anaendeleaje?

Walinipima baada ya mbio na ile dawa ya kuongeza damu imepatikana mwilini; kwa mbio ni marufuku kwa sababu inaongeza pumzi. Timu imenisimamisha, jezi wamechukua. Wakili anasema kuna njia moja. Wewe ni nesi. Waandikie tu wapimaji kwamba Pasaka niliugua, ukanidunga dawa ya Mama kwa makosa, mimi sikujua. Wakikuamini, nitafungiwa mbio miezi michache tu. Mama alitaka kuniona nikiendesha Ulaya. Fanya kwa ajili yake.

Mdogo wako,
Wangila

Bumula, 25 Juni

Wangila,

Mulembe. Damu ya Mama imefika tisa tangu nianze kufungia dawa dispensari.

Barua yako nimesoma mara tatu nikitafuta neno "pole". Haliko. Uwongo sitaandika. Nikifutwa kazi, nani atamdunga Mama?

Nilimsomea. Nilidhani ataanguka. Akasema tu, "Nilimwona."

Ati wakati wa Krismasi, nikiwa kazini, alikuja jikoni akakukuta na bomba la sindano mbele ya friji, akarudi chumbani polepole usimsikie. Nikamuuliza, "Mama, na ukaacha nimfukuze Phanice?"

Akasema, "Ni mtoto wangu. Nilifikiri akishinda atapona hiyo haraka yake."

Sijaongea naye vizuri tangu hapo. Kwa hii nyumba sasa nashuku kila mtu, hata mgonjwa. Jumanne ijayo tuko Bungoma. Daktari bado anadhani ni mimi nasahau sindano. Njoo umwambie kwa mdomo wako.

Bado ni dada yako,
Nasike

Bungoma, 2 Julai

Dada,

Mulembe. Uko ndani na Mama, mimi niko kwa benchi nje ya wodi. Umenipita mara mbili bila kuniangalia, kwa hivyo naandika nyuma ya fomu.

Nimemwambia daktari yote. Aliuliza vilikuwa vichupa vingapi. Nikasema saba. Akaandika, akauliza tena, "Na ulijua ni vya nani?" Nikasema nilijua, jina la Mama limeandikwa kwa kila kimoja. Hapo akavua miwani.

Wakili nimemwambia aache. Nimekubali kosa. Nimefungiwa mbio miaka minne. Nikirudi nitakuwa na miaka thelathini na mbili. Asubuhi nilipitia Bokoli kwa kina Phanice. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuniambia niingie. Amesema kwetu hatarudi. Amesema pia hakuwa anangoja mimi. Alikuwa anakungoja wewe.

Pole, dada. Najua huniamini, na usiniamini bado. Lakini Mama akimaliza mashine, kama miguu yake haina nguvu, niko hapa nimshike mkono mmoja. Ukikataa, nitafuata nyuma.

Mdogo wako,
Wangila