Gia Ilikuwa Mguu wa Kulia

Mureithi, ndugu yangu,

Usicheke. Nimeanguka mbele ya wanaume kumi na wawili. Sawa, sita.

Nianze na dhambi. Tangu tukuzike, yaani tangu wakuzike nikiangalia jeneza kwenye simu hapa Sonapur, kambi ya vibarua Dubai, nimekuwa nikiwaambia watu wa chumbani kwamba bingwa wa pikipiki wa Nyeri nilikuwa mimi. Ile ya Kihispania aliyoiacha mzungu wa shamba la kahawa, nimejipa. Mlima ulioupanda wewe, nimeupanda mimi. Kumbe mimi kazi yangu ilikuwa kubeba spana na kuchanganya oili na petroli, mikono inanuka hadi kanisani.

Hata yale magazeti ya stoo, ya enzi Wahispania na Waswidi wakitesa kwenye mbio za matope kabla Wajapani hawajaja kuwafagia, nayasimulia kama niliyekuwepo. Wewe ungenikatiza: "Punguza nusu." Hapa hakuna wa kunipunguza. Wananiamini tu. Hujui upweke wa kuaminiwa na watu wasiokujua.

Sasa arbab, yaani bosi ninayemwoshea magari, akanunua pikipiki kama ile yetu, inang'aa kama sahani ya harusi. Sifa zangu zilikuwa zimemfikia. Ijumaa akanipeleka jangwani pamoja na watu wake. "Yalla, champion, panda."

Nikapanda. Kilima cha mchanga kikanijia mbio, nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, kama pikipiki zote za siku hizi. Mureithi, miaka yote ile nilikuona ukitia gia kwa mguu huo na kufunga breki kwa wa kushoto. Badala ya kusimama ikaongeza gia. Yenyewe ikaenda kwake, mimi kwangu.

Mpakistani wa gereji alicheka hadi akakaa chini. Arbab akauliza kama nimeumia. Nikasema, "Sir, mimi si mpandaji. Mpandaji anaitwa Mureithi, na amekufa."

Sikuwa nimewahi kulitamka jina lako Dubai.

Akasema, "Nieleze habari zake." Nikaeleza. Ule mlima, ile mvua, wewe unacheka na jino lako lililovunjika. Sikuongeza kitu. Nilipomaliza nikageuka, nangoja useme lile neno lako, "Punguza nusu."

Mchanga tu.

Basi pumzika. Pikipiki nimekurudishia. Nikija nyumbani nitakuletea kaburini oili ya kuchanganya, uinuse. Na watu wa chumbani nitawaambia ukweli leo, wote kumi na sita.

Sawa. Wanane.

Mbeba spana wako,
Gitonga